Niende Malawi kujenga nyumba za watu, au nitume hela tu?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Njombe, sasa naishi Minneapolis ambako nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Kanisa ninalosali linaandaa kikundi cha watu 14 kwenda wilaya ya Blantyre, Malawi, mwezi Julai, kuzijengea nyumba familia zilizobomolewa na kimbunga. Tutakaa siku 10. Kila mmoja anatakiwa kukusanya dola 3,200. Sijawahi kushika mwiko wa fundi maishani. Nilipompigia mama simu alisema hela hiyo angemjengea mtu nyumba huko huko bila mimi kupanda ndege. Roho inataka kwenda, ila maneno ya mama yananichoma. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, dada. Mama yako amesema jambo la msingi, na nitaanza na hesabu yake. Ila jibu langu nikupe mapema: nenda, iwapo nyumba hizo zingejengwa hata kama kikundi chenu kisingefika, na iwapo kufika kwenu kunaongeza hela na mikono kwenye kazi ambayo tayari ina wenyewe. Kama mradi umebuniwa ili ninyi mpate cha kufanya kwa siku 10, baki nyumbani na utume ulicho nacho.

Watu 14 kwa dola 3,200 ni dola 44,800. Hela hiyo kwa kijiji chochote cha Malawi ni nyingi mno. Na mama yako si wa kwanza kuliona hilo. Mwishoni mwa mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliivuruga Honduras, na makanisa ya Amerika ya Kaskazini yakapeleka vikundi kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek, aliyekuwa akiishi Honduras, alikwenda baadaye kuwauliza wenye nyumba na waliojitolea, akachapisha aliyoyakuta mwaka 2006. Nyumba moja ilikuwa ikigharimu kama dola 2,000. Safari ya kikundi kimoja iligharimu wastani wa kama dola 30,000. Alipolinganisha familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na mafundi wa Honduras wenyewe, hakuona tofauti ya maana katika maisha yao. Wageni nao walisema safari imewabadilisha, lakini alipofuatilia kama walianza kutoa zaidi au kuishi tofauti, mabadiliko yalikuwa madogo sana. Ningependa kila kiongozi wa kikundi asome matokeo hayo kabla ya kukata tiketi ya kwanza.

Hata hivyo kuna kitu ambacho hesabu ya mama haikukigusa. Dola 3,200 hizo huna leo. Utazipata kwa kuwaambia wafanyakazi wenzako, majirani, watoto wa wazee unaowahudumia na Watanzania wa Minnesota kwamba wewe, mtu wanayemfahamu, unakwenda kubeba tofali. Wengi wao watatoa kwa sababu ni wewe unayekwenda. Ukibaki, sehemu kubwa ya hela hiyo haitakwenda Malawi. Itabaki mifukoni mwao. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: katika zile 44,800, ni ngapi zinaingia kwenye saruji, mabati, mbao na ujira wa mafundi, na ni ngapi zinaliwa na ndege, hoteli na usimamizi? Mashirika yanayoendesha safari hizi vizuri huweka ndani ya gharama ya kila mtu fungu la ujenzi linalobaki kwenye nchi mwenyeji, nao wanaweza kukuonyesha mchanganuo wake kwenye karatasi. Tiketi kutoka Minneapolis mpaka kusini mwa Afrika itakula sehemu kubwa, hilo halikwepeki. Mimi nikiona chini ya robo inaingia kwenye ujenzi, nasita. Nikiambiwa "hatujapiga hesabu hiyo", nakataa.

Sasa nikueleze kwa nini siipuuzi kazi hii. Shirika linalojulikana zaidi duniani kwa ujenzi wa namna hii, Habitat for Humanity, halikuanzishwa na watu waliokuwa wakitafuta safari. Millard Fuller alikuwa wakili na mfanyabiashara wa Alabama aliyetajirika akiwa bado kijana, kisha yeye na mkewe Linda wakaamua kugawa mali zao na kuanza upya. Wakakaa Koinonia, shamba la karibu na Americus, Georgia, ambako tangu 1942 Clarence Jordan na wenzake walikuwa wamejenga jumuiya ya Wakristo weusi na weupe wanaolima na kula pamoja, katika jimbo ambalo jambo hilo lingeweza kukuletea risasi usiku. Huko ndiko lilikozaliwa wazo la kujenga nyumba bila faida na kuziuza bila riba. Mwaka 1973 akina Fuller wakahamia Mbandaka, mji ulio kando ya mto Kongo katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, wakaijaribu kazi hiyo pamoja na kanisa la huko kwa miaka mitatu. Waliporudi Marekani, mwaka 1976, ndipo wakaanzisha Habitat. Ukisikia mtu akisema wazo hili lilibuniwa Marekani likaletwa Afrika, mwambie lilipitia Kongo kwanza, na huko ndiko lilikothibitishwa kwamba linaweza kutembea nje ya shamba moja la Georgia.

Kiini cha wazo hilo ndicho kipimo unachotakiwa kukitumia. Nyumba ilikuwa ya kulipiwa, taratibu na bila riba, kwa kufuata lile agizo la Kutoka 22:25 la kutomtoza maskini faida. Marejesho yalirudi kwenye mfuko uleule na kujenga nyumba ya jirani. Familia yenyewe ilifanya kazi kwenye nyumba yake na kwenye nyumba za wengine kabla ya kupewa ufunguo. Aliyejitolea alikuja kuongeza nguvu kwa mtu ambaye tayari alikuwa na jasho lake kwenye msingi. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, ambaye Plains kwao si mbali na Americus, alianza kujitolea mwaka 1984 baada ya kutoka Ikulu, akaendelea na mkewe Rosalynn kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2002 walikuwa Durban, Afrika Kusini, zikijengwa nyumba 100. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani na kushonwa nyuzi juu ya jicho, kisha akaenda Nashville kujenga kama alivyoahidi. Namtaja kwa sababu watu humkumbuka kwa jina lake kubwa, wakati kwenye eneo la ujenzi alisifika kwa kufika mapema, kufuata maelekezo na kutotaka kusumbuliwa na wapiga picha saa za kazi.

Familia iliyopoteza kila kitu kwa kimbunga haiwezi kulipa mkopo, na sioni vibaya nyumba kama hiyo ikitolewa bure. Lakini hata hapo lazima kuwe na mchango wake: kuchota maji, kukusanya mchanga na mawe, kuchimba msingi, kumpikia fundi, au hata bibi kizee kuamua mlango utazame wapi. Uliza familia zilichaguliwaje na nani, zitafanya nini kwenye kazi, na kama zimeulizwa zinataka nyumba ya namna gani. Ukiambiwa "tutawajulisha mkifika", ujue wenye nyumba hawajashirikishwa.

Twende kwenye nyumba yenyewe, maana hapa ndipo nilipotumia maisha yangu ya kazi, na ndipo vikundi vingi visipouliza kabisa.

Kimbunga Freddy kiliipiga kusini mwa Malawi Machi 2023, baada ya kuwa kimeshapita Msumbiji mara moja mwezi Februari na kurudi tena. Mvua ilinyesha mfululizo. Upande wa mlima Soche, pembeni ya jiji la Blantyre, udongo na mawe viliporomoka usiku juu ya makazi ya watu kama Chilobwe. Zaidi ya watu 600 walithibitishwa kufa nchini humo, mamia wengine hawakuonekana tena, na zaidi ya nusu milioni walihama makwao. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali mabichi yaliyounganishwa kwa udongo, juu ya msingi mfupi au bila msingi. Tofali bichi likikaa kwenye maji linarudi kuwa tope. Ukuta unalainika kutoka chini, kisha unaketi na paa lake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kiwanja, kabla hujafikiria ukuta. Je, nyumba zinajengwa palepale zilipobomoka, chini ya mteremko uleule, au kwenye njia ileile ya maji? Ukuta wa saruji hautakuokoa na jiwe la ukubwa wa gari. Nani alikagua eneo, halmashauri ya wilaya imekubali? Kisha msingi: umeinuliwa kiasi gani juu ya ardhi, na kuna nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta? Kisha lenta, yaani ule mkanda wa zege ndani ya ukuta: je, inazunguka nyumba nzima au iko juu ya milango na madirisha tu? Lenta inayozunguka ndiyo inayozifunga kuta nne zisitawanyike. Halafu paa: kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, zimefungwa kwenye lenta kwa nondo au waya uliozamishwa kwenye zege, au zimekaa tu juu ya ukuta zikishikiliwa na misumari? Upepo huinua paa kwanza, na paa likishaondoka kuta hubaki zimesimama peke yake. Mambo haya hayaongezi gharama kubwa. Yanahitaji mtu anayeyajua na asiye na haraka.

Uliza pia tofali la aina gani. Vijijini Malawi tofali la kuchoma ndilo lililozoeleka, na matanuri yake yamekula misitu ambayo ingeushika ule udongo wa milimani. Siku hizi miradi mizuri hutumia tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, bila moto. Kwa mtu kama wewe hiyo ni habari njema, kwa kuwa kazi ya kuchekecha udongo, kulisha mashine, kupanga matofali kivulini na kuyanyunyizia maji unaweza kujifunza asubuhi moja na kuifanya vizuri mpaka jioni.

Hilo linanileta kwenye hofu yako ya mwiko. Usiuhofu, kwa sababu hutaushika sana. Fundi huanza na kona. Anaipandisha kona kwa pima maji na timazi, anaikagua, anarudia, kisha anavuta kamba kutoka kona mpaka kona. Kona ikipinda, nyumba nzima imepinda, na hakuna plasta itakayoficha. Kwa hiyo kona si za mgeni. Katikati ya kamba, mahali ambapo mstari unakuongoza, fundi mvumilivu anaweza kukupa mwiko uweke matofali kadhaa huku akikuangalia. Nondo, kupaua na umeme viache kabisa. Kazi yako ni ya saidia fundi: kubeba maji, kuchekecha mchanga, kupokezana matofali kwa mstari, kujaza kifusi ndani ya msingi, kukoroga udongo wa saruji kwa kipimo ulichopewa. Ukiona mchanganyiko umeanza kukauka ndani ya karai, usiuongezee maji ili ulainike. Unaua nguvu yake. Mwambie fundi. Na vaa glavu na buti kila saa, saruji mbichi inachoma ngozi bila wewe kuhisi mapema.

Kazi hii ina heshima kubwa. Yeyote aliyejenga nyumbani kwetu anajua fundi bila saidia fundi anajenga nusu siku.

Hapo hapo kuna jambo linaloniumiza. Saidia fundi wa Blantyre anaishi kwa ujira wa siku. Kama kikundi cha watu 14 kinachukua nafasi yake kwa siku 10, mmemnyima chakula cha nyumbani kwake ili ninyi mjisikie mmetumika. Uliza moja kwa moja: mafundi na vibarua wangapi wa pale wameajiriwa, na je, mkifika kuna anayesimamishwa? Mradi wenye nia njema hukuongezeni juu ya kikosi kilichopo, kazi ikaenda mbele zaidi, na hakuna anayepoteza siku yake. Hapo penye utata ningependa kikundi kiwe na watu wanane badala ya 14, na hela iliyobaki iongeze vibarua.

Halafu siku 10. Msingi unahitaji muda, ukuta unahitaji muda, na saruji inahitaji kumwagiliwa maji kwa walau siku saba ili ishike nguvu yake. Nyumba haianzi na kuisha ndani ya siku 10 kihalali, hata ikiwa ya vyumba viwili. Nimeona eneo ambalo kikundi kilitaka kukabidhi ufunguo Ijumaa kabla ya ndege ya Jumamosi, na kwa ajili ya sherehe hiyo paa likawekwa juu ya lenta iliyomwagwa siku mbili nyuma. Ilipendeza kwenye picha, na nyufa zilionekana kabla ya masika. Kwa hiyo omba ratiba. Ratiba nzuri inaonyesha kwamba msingi na jamvi, yaani sakafu ya zege, vilimwagwa kabla hamjafika, mtafanya hatua fulani ya katikati, na mafundi watamalizia mkiwa mmeshaondoka. Kikundi kikubali kuondoka na nyumba isiyoisha. Makabidhiano yafanyike wakati nyumba iko tayari, na kiongozi wa kijiji na familia wawe ndio wenye shughuli.

Julai ni mwezi mzuri, hilo walilopanga wamelipanga vizuri. Ni kiangazi na baridi, na mtu wa Njombe hatababaika, beba sweta. Mvua huanza kama Novemba, hivyo mafundi watakuwa na miezi ya kumalizia.

Ardhi. Hili wengi hulipita, nami nakusihi usilipite. Nyumba ni ya yule mwenye haki juu ya kiwanja, hata kama mlijenga kwa ajili ya mwingine. Kusini mwa Malawi, kwa jamii nyingi za vijijini kama Walomwe, Wamang'anja na Wayao, ardhi hufuata upande wa mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Mjane wa huko mara nyingi yuko kwenye ardhi ya ukoo wake na ana mahali pa kusimama. Kaskazini, kwa Watumbuka na Wangonde, mambo hufuata upande wa mume, na mjane anaweza kujikuta shemeji zake wanaitaka nyumba aliyojengewa. Mijini, kwenye makazi yaliyoota bila kupimwa, huenda hakuna karatasi yoyote, na mpangaji alibomokewa nyumba ambayo si yake. Malawi ina Sheria ya Ardhi ya Kimila ya mwaka 2016 inayotoa njia ya kusajili haki hizo. Uliza basi: kiwanja ni cha nani, chifu na ndugu wameshuhudia, jina la nani limeandikwa, na kama ni mama mwenye watoto, jina lake lipo? Nyumba mpya ya bati huongeza thamani ya kiwanja, na thamani huamsha ndugu waliokuwa kimya.

Sasa nikuambie jambo linalokuhusu wewe zaidi kuliko wenzako 13. Utakuwa Mwafrika ndani ya kikundi ambacho nadhani wengi wake si Waafrika. Watu wa pale watakujia wewe. Mafundi wataongea mbele yako wasiyoyasema mbele ya wageni wengine: kwamba ujira umechelewa, kwamba saruji iliyoletwa si ile iliyoahidiwa, kwamba familia iliyopewa nyumba ni ndugu wa mtu fulani. Hutajua Kichewa, lakini wengi wanajua Kiingereza kidogo. Sikiliza, usiahidi kitu, na peleka kwa msimamizi wa eneo yale yanayohitaji kufika, bila kumtaja aliyekuambia. Vilevile utaona mapema kuliko wenzako pale heshima inapovunjwa: mtu anayepiga picha ya mtoto asiyevaa shati bila kumuuliza mzazi wake, au anayegawa pipi njiani, au anayempa fundi mmoja simu yake ya zamani mbele ya wenzake watano. Waambie kwa upole na mapema, ikiwezekana kwenye mikutano ya maandalizi kabla ya safari. Uzuri ni kwamba wewe unajua mgeni anavyotakiwa kuingia kwenye mji wa mtu, kwa salamu kwanza. Wafundishe. Zawadi kama zipo zipitie kwa uongozi wa mradi, na chombo cha kazi, yaani mwiko, pima maji, toroli, ni zawadi bora kuliko nguo.

Na usiruhusu ugeuzwe mtafsiri wa Afrika nzima. Malawi si Njombe. Ukiulizwa jambo usilolijua la huko, mwite mwenye kijiji ajibu.

Kuhusu afya, kuna kosa ambalo Waafrika tunaoishi nje tunalifanya kuliko Wazungu: kujiambia "malaria naijua, nimekulia nayo." Kinga uliyokuwa nayo utotoni hupungua ukikaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, na Njombe yenyewe ni nchi ya baridi isiyo na mbu wengi. Kusini mwa Malawi malaria ipo mwaka mzima. Nenda kliniki ya wasafiri majuma kadhaa kabla, chukua dawa za kinga, uzimeze mpaka mwisho hata ukisharudi Minnesota, na ukipata homa baada ya kurudi mwambie daktari ulikokuwa. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijaisha nguvu, maana eneo la ujenzi halikosi msumari.

Kuhusu karatasi, kuna mawili. La kwanza ni lako binafsi: kama hali yako ya uhamiaji Marekani haijakamilika, yaani una kesi ya hifadhi au ombi linalosubiri, usivuke mpaka kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji, hata kiongozi wa kikundi akikuhakikishia kwamba hakuna shida. La pili ni la kikundi kizima: kuingia kama mtalii hakumaanishi una ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Tanzania, kwa mfano, wanaojitolea wanatajwa kwenye kibali cha ukaazi daraja C, na Kenya kuna daraja I kwa shughuli za dini na hisani. Mwenyeji wenu wa Malawi aandike ni kibali gani mnahitaji na ameshakiomba wapi. Shirika linalokwambia useme uwanjani kwamba umekuja kutalii linakufundisha uongo mbele ya ofisa wa serikali.

Ukiniuliza cha kufanya kesho asubuhi, usianze na tiketi. Minneapolis hapo ulipo kuna tawi la Habitat, na wanapokea watu wa kujitolea kwa siku moja moja. Nenda siku mbili au tatu za mapumziko yako. Utajifunza kushika nyundo, kupima na kufuata amri ya msimamizi, na utajua kama mgongo wako unaimudu kazi hiyo baada ya wiki nzima ya kuwainua wazee. Utakutana na familia zinazojenga nyumba zao wenyewe, baadhi ni wahamiaji kama wewe. Ikiwa utaona kwamba moyo wako umetulia pale, na kwamba unaweza kutumika hivyo kila mwezi karibu na kwako huku fungu lako likienda Malawi kwa njia ya shirika linaloaminika, basi hilo nalo ni jibu kamili. Sitakudharau hata kidogo kwa kutopanda ndege.

Wakati huohuo mwandikie kiongozi wa kikundi maswali haya: mgawanyo wa hela, waliochaguliwa na mchango wao, kiwanja na jina, ubora wa msingi na paa, ratiba, ajira za watu wa pale, vibali. Mpe muda wa kuyapeleka Malawi, usilipe arubuni kabla majibu hayajarudi kwa maandishi. Asiudhike, kiongozi mwema atafurahi kupata mtu aliyemsaidia kuuliza. Uliza pia kama kanisa lina mpango wa kurudi kwa watu walewale mwakani na miaka itakayofuata. Huko Minnesota mnao mfano mzuri: Walutheri wa eneo la St. Paul na Dayosisi ya Iringa ya KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, wametembea pamoja tangu miaka ya 1980 kwa jina la Bega kwa Bega, na nguvu ya uhusiano ule imo katika miaka. Wanajuana kwa majina, na Wairinga nao huenda Minnesota.

Ukienda, kabla ya kuondoka chukua namba ya simu ya fundi mkuu na ya familia, kwa ruhusa yao. Kikundi kitenge fungu la marekebisho kabla ya safari, kwenye bajeti ileile. Kisha mvua zikishakolea, tuseme Desemba na tena Februari, piga simu. Uliza kama paa linavuja, kama maji yanasimama karibu na msingi, kama mlango bado unafunga. Palipo na tatizo, fundi alipwe arudi alirekebishe kabla mvua hazijaisha.